Kigingi cha fundi na nukta ya simu

Mtazame fundi wa Kibaha akipiga msingi. Anafunga kamba kwenye vigingi, anaweka alama sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili, kisha ananyoosha futi kati ya alama hizo. Ikisoma mita moja kamili, kona iko skwea. Isiposoma, anasogeza kigingi. Hiyo ni 3, 4, 5, hesabu ambayo Wababeli waliijua zaidi ya miaka elfu moja kabla Pythagoras hajazaliwa.

Kule kusogeza kigingi ndiko darasa lilikokosa kwa muda mrefu. Tazama shule za huku Pwani: Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichoanzia Kiungani, Zanzibar, kilihamia Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Kibaha ilipata sekondari yake mwaka 1965, ndani ya mradi ambao Tanganyika ilitiliana saini na nchi za Nordiki mwaka 1963. Kwa vizazi vya wanafunzi wa shule hizo, jiometri ilikuwa rula, bikari na mchoro uliotulia daftarini. Ukitaka pembetatu nyingine, unafuta na kuanza upya.

Mchoro ulianza kusogea kwa programu ya Cabri, Grenoble, Ufaransa, miaka ya 1980, na Sketchpad ya Nicholas Jackiw, Marekani, mwaka 1991. Ila zilitaka kompyuta na leseni. Kwetu mlango uliofunguka zaidi ni GeoGebra, aliyoianzisha Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwaka 2001: ni ya bure kwa mwanafunzi, na ukishaipakua kwenye simu unachora bila bando.

Ijaribu. Chora duara lenye kitovu O na kipenyo AB, weka nukta C juu ya duara, iunganishe na A na B, pima pembe ya C. Inaandika 90°. Sasa iburute C kwa kidole. Pembetatu inanyooka, inasinyaa, inajilaza kuelekea A, na namba haitikisiki. Weka nukta nyingine ndani ya duara, pembe yake inapanuka kupita hapo. Itoe nje, inapungua.

Hili nalipenda kwa sababu moja kubwa. Mtoto wa shule ya serikali aliyejifunza pembetatu na duara mpaka darasa la saba, akiingia kidato cha kwanza anakuta majina yote yamekuwa ya Kiingereza. Nukta inayosogea haimuulizi lugha.

Lakini kuona si kuthibitisha, na mwalimu asiishie kwenye kidole. Unganisha O na C. OA, OB na OC ni nusu kipenyo, kwa hiyo zinalingana. Zimezaliwa pembetatu mbili, kila moja ina pande mbili sawa, na hivyo pembe mbili sawa: x na x, y na y. Zote nne ndizo pembe za pembetatu kubwa, yaani 180°. Basi x na y, zinazokutana pale C, kwa jumla ni 90°. Na katika hatua zote hizo, hakuna mahali tulipolazimika kuuliza C iko upande gani wa duara.