Saratani ya Kinywa: Jeni za Maumivu na za Uenezi

Saratani ya kinywa, ambayo aghalabu huanzia katika utando wa ulimi, ufizi au shavu, na ambayo tumbaku, pombe na utafunaji wa popoo ni miongoni mwa sababu zake kubwa, yahitilafiana na saratani nyingine nyingi kwa kuwa huuma mapema, hata mgonjwa akaona taabu kunena na kutafuna. Maumivu hayo hayatokani na ukubwa wa uvimbe peke yake. Katika seli zilizoharibika, jeni iitwayo EDN1 hufanya kazi kupita kiasi, ikatoa endothelini, dutu ichokozayo ncha za mishipa ya fahamu. Na jeni ya TMPRSS2, ile ile ivifunguliayo njia virusi vya Uviko-19, hutoa kimeng'enya kinachokata kipokezi PAR2 kilichomo katika mishipa hiyo, hata mguso wa tonge ukawa adhabu. OPRM1, jeni ya kipokezi cha afyuni, kinyume chake hufungwa kwa vikundi vya kikemikali viitwavyo methili. Jeni hiyo ilipofunguliwa upya katika uvimbe wa panya wa maabara, maumivu yalipungua.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba wagonjwa ambao maradhi yamekwisha kufika matezi ya shingo huelekea kuumwa zaidi kuliko wenzao. Kwa sababu hiyo watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha New York, huzichunguza jeni hizi katika kipande cha uvimbe, wakitaraji kumjuza mpasuaji mapema iwapo matezi hayo yaondolewe.