Methanoli Maanake Nini?
Mwaka 1834, wanakemia wa Ufaransa, Dumas na Péligot, waliokota maneno mawili ya Kigiriki, divai na mti, wakakipa jina kioevu kinachotoka kwenye mbao zikichomwa bila hewa. Methanoli ina asili hapo.

Hapa Runyenjes wengi tulilisikia neno hilo Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli ilipoua makumi ya watu Embu na kaunti zingine. Kwa macho ni kama pombe ya kawaida tu. Lakini ini huigeuza kuwa asidi fomiki, na mtu anaweza kupofuka kabla afe.

Mtaani ikasemwa, “Walevi wamekufa.” Mimi niliacha chuo, lakini hiyo sentensi naisahihisha kila nikiisikia: waliwekewa sumu.