Kodi ya Wote na Kazi ya Kanisa

Katika mwaka huu wa jubilei twatazama nyuma, tupate kuona jinsi Mungu alivyoliongoza jimbo letu. Twataja mapadre na masista wa kwanza, na makatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Lakini liko jambo moja lisilosemwa sana siku za sikukuu, nalo ni fedha. Shule na hospitali za Kanisa zilisimama kwa fedha ya nani? Tena, je, ni haki fedha ya kodi, iliyotolewa na watu wa dini zote, itumike katika nyumba za dini moja? Swali hili huulizwa na jirani zetu Waislamu, na pengine na vijana wetu wenyewe. Yatupasa kulijibu kwa kweli, wala si kwa hasira.

Hapo mwanzo kazi haikutegemea kodi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofanya makao Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watoto watumwa na kuwalea kwa sadaka za Wakristo wa Ulaya, nyingine zikitoka kwa watoto wa Chama cha Utoto Mtakatifu. Kodi ilikuja baadaye. Mwaka 1898 Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Mlipaji hakuulizwa dini yake. Mwislamu, Mkristo, na yule aliyeshika mila ya babu zake, wote walilipa. Waingereza nao, walipokwisha kuishika Tanganyika, waliweka sheria ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922.

Hata mwaka 1924 ikaja Tume ya Phelps-Stokes kutazama elimu katika nchi zetu. Miongoni mwao alikuwamo Mwafrika mmoja, Dr. James Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Waliona kwamba watoto wengi waliosoma walisoma katika shule za misioni, na kwamba Serikali na misioni hazina budi kushirikiana. Mwaka 1925 Gavana Donald Cameron na wakuu wa elimu walikutana na watu wa misioni katika Dar es Salaam, na mwaka 1927 ikatoka sheria ya elimu. Tangu hapo shule ya misioni iliyofuata mafundisho yaliyopangwa, yenye waalimu wenye cheti, na iliyokubali kukaguliwa, iliweza kupewa ruzuku kutoka hazina ya Serikali.

Kanisa lilipokea kwa moyo mkubwa. Mwaka 1928 mjumbe wa Baba Mtakatifu, Askofu Arthur Hinsley, aliwahimiza maaskofu waliokutana Dar es Salaam washirikiane na Serikali kwa nguvu zao zote; na pasipowezekana kufanya kazi zote mbili, heri makanisa yangoje, shule zikamilishwe. Neno hilo lilikuwa zito. Nasi tulio makatekista twalijua uzito wake, kwa kuwa ruzuku haikuzifikia zile shule ndogo za vijijini, ambamo katekista alifundisha sala na herufi chini ya paa la nyasi. Mwalimu mwenye cheti alipata mshahara uliosaidiwa na Serikali. Katekista alibaki na posho ndogo, pamoja na kuku na mahindi ya Wakristo wake. Wala hatusemi hivi kwa kunung'unika. Twaonyesha tu kwamba fedha ya Serikali, tangu siku ya kwanza, ilichagua kazi iliyo yake na kuiacha nyingine. Ililipia hesabu na kusoma. Katekisimu ililipiwa na waumini. Twaona ya kuwa mpaka huo ulikuwa mwema.

Lakini lilikuwako kosa lililo kubwa zaidi. Penye misioni nyingi, ruzuku ilikuwa nyingi. Pasipo misioni, kama vile sehemu nyingi za pwani, ilikuwa haba. Mzee Mwislamu alilipa kodi sawasawa na jirani yake Mkristo. Akitaka mtoto wake asome, mara nyingi shule iliyokuwa karibu ni ya misioni, naye aliogopa mtoto asije akabatizwa. Je, hofu yake haikuwa na sababu? Tuseme kweli: wengi wetu tulibatizwa kwa njia ya shule. Basi jirani zetu wanaposema kwamba fedha yao ilisomesha watoto wa wengine, si uongo.

Baada ya Uhuru, Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki, ilitaka kuiponya tofauti hiyo. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 shule zilizokuwa zikipata ruzuku zilitwaliwa, zikawa za watu wote. Wako waliolia siku zile. Lakini tukumbuke kwamba shule iliyokula fedha ya wote haikuwa yetu peke yetu, hata kama matofali tuliyachoma sisi.

Hospitali zina habari yake. Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa huko Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikatwaliwa. Na mwaka 1985 ikarudishwa kwa maaskofu, Serikali ikishiriki katika gharama zake. Tena tarehe 21 Februari 1992, katika siku za Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Mwislamu, Serikali ilitia sahihi mapatano na maaskofu Wakatoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania juu ya shule na hospitali za makanisa. Waislamu wengi waliyalalamikia mapatano hayo, wakiona yamewapendelea Wakristo.

Basi tujibu nini? Sisi twaona hivi. Mgonjwa wa malaria hana dini kitandani. Ikiwa Kanisa lina hospitali mahali ambapo Serikali haina, na Serikali ikalipa mshahara wa mganga, kodi imemrudia aliyeilipa, maadamu mlango u wazi kwa kila mtu, na vitabu vya hesabu vi wazi kwa mkaguzi. Na haki hiyo hiyo wapewe Waislamu na wengineo wajengao hospitali na shule. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu kilianza Morogoro katika majengo yaliyotolewa na Serikali. Mkristo asione kijicho. Lakini altare, kengele, nyumba ya padre na posho ya katekista, hayo ni mzigo wetu wenyewe. Katiba ya nchi nayo yasema kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini si kazi ya mamlaka ya nchi.

Ezra alipopanda kwenda Yerusalemu alipokea fedha na dhahabu ya mfalme Artashasta kwa ajili ya nyumba ya Mungu, lakini aliona haya kumwomba askari wa kumlinda njiani, kwa kuwa alikwisha kusema kwamba Mungu ndiye mlinzi wao. Alijua lipi la kupokea, na lipi la kulionea haya. Nasi tujifunze kwake. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Parokia isiyoweza kumlisha katekista wake isijisifu kwa hospitali yake kubwa.

Ninyi waalimu, wafundisheni watoto habari hii yote, pamoja na yale yanayotuuma. Nanyi Wakristo, toeni zaka bila kungoja kuhimizwa. Na kila mlipa kodi aingiaye katika nyumba zetu za huduma, wa dini yo yote, apokewe kama mwenye mali, wala si kama mwombaji. Mungu aibariki jubilei yetu. Amina.