Chakula cha Safari

Fungua mpango mkakati wa chuo kikuu chochote nchini leo, utakutana na maneno matatu yanayosafiri pamoja kama abiria wa basi moja: uendelevu, ushirikishwaji wa jamii, mtazamo wa kimataifa. Chini yake kuna jedwali. Safu ya kwanza ni lengo, ya pili kiashiria, ya tatu mwaka wa kulifikia. Nimesoma majedwali mengi ya aina hii kwa ajili ya tasnifu yangu ya umahiri, na kuna safu moja ambayo sijaiona: nani, nje ya chuo, mwenye haki ya kusema kwamba lengo halikufikiwa.

Kwa watu wa Njombe hili limeacha kuwa swali la darasani. Chuo Kikuu cha Dodoma kinajenga kampasi mkoani humo chini ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ule ambao wengi wanaujua kwa kifupi chake, HEET. Mradi ulianza mwaka 2021 kwa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Fedha hizo ni mkopo, kwa hiyo mkulima wa viazi mviringo wa Njombe atashiriki kuulipa sawasawa na mwenye duka Kariakoo. Ana haki ya kuuliza atapata nini. Na historia inaonyesha kwamba nchi hii iliwahi kumpa mtu kama yeye nafasi ya kuuliza, tena kwa sauti kubwa kuliko leo.

Turudi mwanzo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi kumi na kadhaa wa sheria. Shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Huo ndio ulikuwa mtazamo wa kimataifa wa wakati ule: thamani ya mtu wa Lumumba ilithibitishwa kwa muhuri wa London, na hakuna aliyeona haja ya kuandika lengo.

Lengo liliandikwa na wanasiasa. Mwaka 1964, akiuelezea Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Akila halafu asirudi, ni msaliti. Mfano huu umerudiwa mno kwenye mahafali hadi umechuja, lakini usikilize upya kama mtu anayehesabu. Una mkopeshaji, ambaye ni kijiji. Una mkopo, ambao ni chakula. Una na siku ya kurejesha. Sijaona mpango mkakati wa sasa uliosema wazi kiasi hicho chuo kinamdai nani na kinadaiwa na nani.

Wadaiwa wenyewe hawakufurahi. Serikali ilipoamua wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Bango moja lilisema afadhali ukoloni. Nyerere alikasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe na wa viongozi wakubwa kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Walio wengi walirudishwa chuoni baadaye. Kwa upande wangu, naona pande zote mbili zilikuwa na hoja: wanafunzi waliona viongozi wakipanda magari mazuri huku wao wakihubiriwa kujinyima, na kule kupunguza mishahara kulikuwa kukiri kimyakimya kwamba hawakukosea kabisa.

Hatua kali zaidi ilikuja Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma. Kuanzia hapo, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipitia JKT, akafanya kazi angalau miaka miwili, kisha akahitaji mapendekezo ya mwajiri na ya chama mahali alipokuwa. Maana yake, katibu wa tawi ambaye huenda hakumaliza darasa la saba alikuwa na neno katika nani awe mhandisi. Ukitaka kuona ushirikishwaji wa jamii wenye meno, ni huu.

Meno hayo yaling'ata vibaya pia. Mapendekezo yaligeuka kuwa mamlaka ya bosi juu ya kijana aliye chini yake; aliyeuliza maswali kazini angeweza kuonekana hana nidhamu. Idadi ya wasichana vyuoni ilishuka, kwa sababu miaka ya kusubiri ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na haikuchukua muda sharti hilo likaondolewa kwao. Mfumo mzima ulilegea, hatimaye ukaachwa. Sitamani urudi. Ninachokiona kimepotea pamoja nao ni lile wazo kwamba mtu wa nje ya chuo anaweza kusema "bado".

Kabla ya Musoma palikuwa na jaribio lingine, na kwangu ndilo zuri kuliko yote. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa sehemu ya chuo kikuu hadi ilipopewa sheria yake mwaka 1975, iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakainuka kwenda kufanya walichokubaliana. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa. Washiriki walikuwa takriban milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 14 hivi. Mada zilikuwa malaria, kichocho, kuhara, maji safi. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu na maelfu. Jaribu kufikiria kampeni ya chuo kikuu leo ambayo mtu mmoja kati ya kila saba nchini anaishiriki, tena kwa Kiswahili, bila kujaza fomu ya mahudhurio ili alipwe posho.

Ni rahisi kudhani miaka hiyo chuo kilijifungia ndani. La hasha. Mwalimu wa Kibrazili Paulo Freire alikuja Dar es Salaam mwaka 1971. Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz, aliyefanya kazi Mlimani katika ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi iliyoanzishwa mwaka 1967, ni miongoni mwa wanaotajwa kuanzisha utafiti shirikishi, ule ambao mwanakijiji ni mtafiti mwenzako. Kwa hiyo "ushirikishwaji" unaotujia leo katika miongozo ya wafadhili, sehemu ya mizizi yake iko hapa hapa. Tumeuza pamba, tunanunua shati.

Makambako nao walikuwa na dunia yao. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande kati ya Mlimba na Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote: milima, matope, mahandaki, madaraja. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kusomea kazi za reli. Mtazamo wa kimataifa ulikuwa na jina la kazi na kituo cha kurudia. Unaweza kuusema vibaya mradi ule kwa mengi, lakini walijua kwa nini wanakwenda.

Miaka ya 1980 fedha zilikauka, na hilo halihitaji maelezo marefu: vyuo vilihangaika na chaki na maji kabla ya malengo.

Ukishuka Makambako na kushika barabara ya Songea, ukaipita Njombe, ukafika Songea na kuendelea magharibi, unaingia Mbinga, nchi ya Wamatengo. Huko, katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa msaada wa JICA, walikwenda kuchunguza ngoro. Kwenye mteremko mkali wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Mlima hubaki na mashimo kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hukaa shimoni badala ya kubeba udongo, na majani yanaoza na kuwa mbolea. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. Hakuna profesa aliyeubuni utaratibu huo.

Kazi hiyo ilizaa mradi wa miaka ya 1999 hadi 2004, uliojaribu kutengeneza njia ya chuo kufanya kazi na vijiji. Katika kijiji cha Kindimba, pamoja na mengine, ilijengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Chuo kilikwenda kusoma udongo, kikajikuta kinazungumzia unga, na mashine ile inahitaji mto usiokauka, kwa hiyo mazungumzo ya unga yakawa pia mazungumzo ya miti ya mlimani. Hapo uendelevu una mwenyewe.

Leo vipimo vinatoka kwingine. Tangu 2019 jarida la Times Higher Education linapanga vyuo kwa mchango wao katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, na sehemu kubwa ya ushahidi inatumwa na chuo chenyewe. Silaumu chuo kinachotaka kuonekana. Bila kuonekana hupati washirika. Lakini jirani wa chuo haulizwi.

Na majirani wa Njombe wana mengi ya kuulizwa. Mkulima wa parachichi anajua viwango vya mabaki ya dawa vinavyotakiwa Ulaya, na tangu Novemba 2022 soko la China nalo limefunguliwa. Mtazamo wa kimataifa anao, tena anaulipia. Jirani yake amepanda misindano na milingoti. Chini yao wote, bondeni, kuna vinyungu: matuta kwenye udongo wenye unyevu, ambako familia hupata mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mashamba ya juu yamekauka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Kinyungu kiko ndani ya mita hizo hizo. Mwenye kinyungu anaambiwa anaharibu mto. Yeye anaona milingoti ya mwenye fedha ikinywa maji kilimani bila kuulizwa. Nani anakausha nini, na kwa kiasi gani? Hilo linapimika. Linahitaji watu wenye vifaa na subira, watakaokaa bondeni msimu mzima na kumwachia mwenye kinyungu asome matokeo kabla ya mhariri wa jarida.

Kazi ya vinyungu hufanyika kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba. Likizo ndefu ya vyuo vikuu vyetu huangukia katikati ya miezi hiyo. Kampasi ya Njombe ikichukua ratiba ya Dodoma kama ilivyo, wanafunzi watakuwa stendi ya Makambako wakigombania mabasi ya kurudi makwao katika majuma yale yale ambayo mabonde yamejaa watu.