Pontevedra, mji wa waendao kwa miguu
Pontevedra ni mji wa Galicia, Hispania, wenye wakazi zaidi ya 80,000. Tangu 1999, chini ya meya Miguel Anxo Fernández Lores, mitaa yake ya kale ilifungiwa magari ya kupita tu na yale yanayozunguka kutafuta maegesho. Kingo za barabara ziling'olewa, ikatandazwa sakafu ya mawe iliyo sawa, ambayo kiti cha magurudumu hupita bila kukwama. Wenye maduka walihofia kukosa wateja, na hofu hiyo yaeleweka. Lakini magari ya mizigo bado huingia, na maegesho ya bure yapo pembezoni. Baiskeli hazikutengewa njia nyingi: mwendo wa magari ulishushwa hadi kilomita 30 kwa saa, zikashiriki barabara ileile. Uamuzi huo ulikuwa sahihi.