Baridi Inaingia kwa Chini: Historia ya Machela, Mfuko wa Kulalia na Duveti

Safari hii tunaandika juu ya jambo ambalo wengi watasema ni la watalii: mtu anayelala porini kwenye machela, achukue mfuko wa kulalia au duveti? Tusilicheke haraka. Swali hili limewapitia mabaharia, wanajeshi, na hata mtu mmoja ambaye jina lake limo katika historia ya karatasi za wakimbizi.

Kwanza tuelewane kwa majina. Machela tunayoisema hapa siyo ile ya hospitali. Ni kitambaa au wavu unaofungwa ncha zake mbili kwenye miti miwili, mtu analala katikati, hewani. Kwetu vitu vya namna hii tumezoea kuviona vikibeba wagonjwa: Warundi wana ingobyi, Wakongo wana kipoyi. Lakini machela ya kulalia asili yake ni mbali, visiwa vya Karibiani. Watu wa huko, Wataino, waliifuma kwa pamba na kuiita hamaca. Columbus alipofika mwaka 1492 aliwakuta wanalala humo. Ilikuwa na faida wazi: unakuwa juu ya maji, mbali na nyoka na wadudu wa ardhini.

Na baridi je? Wenyewe walikuwa na dawa yake: moto mdogo karibu na machela. Katika misitu ya Amazon, Wayanomami nao wanalala hivyo, machela zimezunguka moto wa familia. Angalieni vizuri, joto hilo halitoki kwenye nguo ya kujifunika. Linatoka pembeni na chini.

Wazungu waliichukua machela wakaipeleka melini. Jeshi la majini la Uingereza liliikubali mwaka 1597. Ndani ya meli za kivita nafasi ilikuwa ndogo sana, mpaka kila baharia alipimiwa upana wa inchi 14 wa kuning'iniza machela yake. Sasa, melini huwezi kuwasha moto chini ya kila mtu. Basi mabaharia walitandika kigodoro chembamba ndani ya machela, ndipo wakajifunika blanketi. Yaani walijua kwamba blanketi la juu peke yake halitoshi.

Mfuko wa kulalia una njia yake tofauti. Mwaka 1876, huko Newtown katika nchi ya Wales, mfanyabiashara Pryce Pryce-Jones alisajili kitu alichokiita Euklisia Rug. Lilikuwa blanketi la sufu lenye mto wa mpira wa kujaza upepo. Unalikunja, unalifunga, unakuwa ndani kama mtoto aliyefungwa mgongoni. Aliyauza kwa makumi ya maelfu kwa jeshi la Urusi lililokuwa linapigana na Waturuki. Kumbe mfuko huu nao ulianza kama blanketi tu, likaongezewa vifungo. Ulifaa kwa askari anayelala chini kwenye uwanja wenye upepo, kwa sababu blanketi likiteleza usiku ndiyo basi tena.

Hapo ndipo tunafika kwa Fridtjof Nansen, Mnorwe. Mwaka 1888 alivuka barafu ya Greenland na wenzake watano. Walilala katika mifuko miwili ya ngozi ya kulungu wa baridi, watu watatu kila mfuko. Mwaka 1895 yeye na Hjalmar Johansen walitembea kuelekea Ncha ya Kaskazini wakafika digrii 86 na dakika 14, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao. Wakati wa kurudi, majira ya baridi yaliwakuta kwenye visiwa vya Franz Josef. Walijenga kibanda cha mawe, wakatandika ngozi za dubu chini. Walikuwa wamechoka kubanana katika mfuko mmoja ulioshonwa kwa mablanketi, wakaamua kuutenganisha, kila mtu na lake. Baridi iliwashinda, wakarudi kubanana katika mfuko mmoja.

Huyu Nansen ndiye aliyeteuliwa mwaka 1921 na Shirikisho la Mataifa kuwa Kamishna Mkuu wa kwanza wa wakimbizi. Pasi iliyoitwa kwa jina lake ilianza mwaka 1922, ikawasaidia kwanza Warusi waliopoteza uraia, baadaye Waarmenia na wengine. Hatusemi kwamba baridi ndiyo iliyomfanya awakumbuke wakimbizi. Ila mkuu wa kwanza wa kazi hii alijua mwilini mwake usiku wa blanketi lisilotosha ukoje.

Sasa turudi kwenye swali. Siri ya joto ni hewa. Manyoya, pamba au sufu havitoi moto. Vinashika hewa, na hewa iliyotulia inazuia joto la mwili lisikimbie. Ukilalia manyoya, uzito wako unayabana, hewa inatoka, upande wa chini unabaki kitambaa tu. Ardhini mkeka au godoro linaokoa. Kwenye machela hali ni mbaya zaidi, maana upepo unapita chini ya mgongo wako usiku kucha. Mfuko uliolipiwa pesa nyingi unafanya kazi nusu tu. Na kuuingia na kufunga zipu huku kitanda kinayumba ni mieleka.

Ndiyo maana watu wengi wa machela siku hizi wanatumia duveti mbili: moja ya kujifunika, nyingine inaning'inizwa kwa nje, chini ya machela, ili isilaliwe wala kubanwa. Mwenye mfuko tayari hana haja ya kuutupa. Aufungue zipu aujifunike kama duveti, na ndani ya machela atandike godoro la sponji. Lakini anayelala chini, mahali pa baridi kali, au anayejigeuzageuza sana, mfuko bado unamfaa kuliko duveti.

Kwa nini tumeyaandika haya? Kwa sababu hata sisi tuko ndani ya swali hili, ingawa hatuna machela. Hapa Kigoma, Juni na Julai usiku unauma. Familia ikipata mablanketi bila mkeka, tunajua kinachofuata: blanketi moja linatandikwa chini, watoto wanagawana lililobaki. Kwenye karatasi yamehesabiwa mablanketi mawili. Mwilini liko moja. Mama anatafuta viroba, maboksi, nyasi kavu. Anafanya kazi ileile ya kigodoro cha baharia na ngozi ya dubu.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba: mnapopita nyumba kwa nyumba msiulize tu, "Mna mablanketi mangapi?" Ulizeni pia, "Mnalalia nini?" Mkeka usionekane kama nyongeza, utoke siku ileile na blanketi.

Na sisi vijana tusingoje mgao tu. Kabla ya kiangazi tupite kwa wazee na kwa wamama waliojifungua karibuni, tuangalie chini ya mahali wanapolala. Boksi kavu likiwekwa juu ya kiroba, na nyasi kavu zilizofungwa vizuri, vinashika hewa. Havigharimu kitu, na mzee atalala.