Mkono Uliokubali Kujifunza Upya

Kati ya wazo na karatasi kuna mkono, na mkono hauna mbio. Sisi tunaoota kuandika riwaya twalijua hilo. Sentensi inakuja kasi, mkono ungali kwenye neno la tatu, mara sentensi imeshapotea. Waliotutangulia nao waliliona. Isaac Pitman alitoa hatimkato yake mwaka 1837, na makatibu muhtasari wengi wa kwetu wakaja kuisomea. Siri yake ni moja: huukimbizi mkono, unaupunguzia kazi. Siri hiyohiyo ilikuja kuamua mashindano ya kompyuta za kiganjani katika miaka ya 1990.

Mwaka 1993 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa Newton MessagePad. Ahadi yake ilikuwa tamu: wewe andika kwa mwandiko wako juu ya kioo, mashine itasoma. Wapi bwana! Mashine ilikisia maneno kwa kutegemea kamusi yake, na mara nyingi ilitoa neno ambalo mwenyewe hakuliandika. Mchora katuni Garry Trudeau akaicheka magazetini. Matoleo ya baadaye yalisoma vizuri zaidi, lakini jina lilikuwa limeshaharibika. Mwaka 1998 Apple ikaiacha.

Katika mwaka huo wa 1993, David Goldberg na Cate Richardson wa maabara ya Xerox PARC huko California walieleza njia nyingine. Kila herufi ichorwe mara moja tu, bila kuinua kalamu. Herufi zinazotumika sana katika Kiingereza, kama E na A, wakazipa mistari iliyonyooka. Mtu aliweza kuandika herufi juu ya herufi bila hata kutazama. Kasi ilikuwapo, ila alama zilikuwa ngeni. Nani alikuwa tayari kuanza alfabeti upya?

Jeff Hawkins wa Palm alilijibu swali hilo kwa mwandiko ulioitwa Graffiti. Huyu ndiye aliyetembea na kipande cha mbao mfukoni ili aone kama kifaa alichokiwaza kingebebeka. Aliamini kuwa watu waliokubali kujifunza kupiga taipu watakubali kujifunza herufi chache. Basi akaziacha zifanane na herufi kubwa tuzijuazo. A ni V iliyopinduliwa, haina kijiti cha katikati. F nayo imepoteza kijiti chake. Kifaa chenyewe, Pilot, kilitoka mwaka 1996 na kikapendwa haraka.

Waliotaka kasi walifundishwa hivi. Andika herufi kubwa, ujaze nafasi. Nenda kwa mwendo wako wa kawaida, usijivute. Mstari wa wima uwe wima kweli, usiulaze. Herufi ziandikwe kushoto na tarakimu kulia, maana mstari uleule wa kushuka ni I huku na ni 1 kule. V yako inasomeka kama U? Ianzie upande wa kulia. Mstari kwenda kulia ni kuacha nafasi, kwenda kushoto ni kufuta.

Kumbe hapo lipo jambo letu. Graffiti ilisoma herufi mojamoja, haikuuliza neno ni la lugha gani. "Mwanafunzi" lilipita sawasawa na neno lolote la Kiingereza. Na kwa kuwa Kiswahili kimejaa A, ile A nyepesi isiyo na kijiti ilitufaa kuliko hao iliotengenezewa.

Raha hiyo haikudumu. Xerox ilifungua kesi mwaka 1997. Mwaka 2003 Palm ikaleta Graffiti 2, ambayo i na t zilidai kuinua kalamu tena. Kesi ikamalizika mwaka 2006, Palm ikilipa dola milioni 22.5.

Leo simu zinasoma mwandiko wa mtu bila kumfundisha alfabeti mpya. Lakini yangu, jamani, nikiandika "wale" inaniwekea neno lake la Kiingereza, ati inanisahihisha. Kwa hiyo mimi namtetea Hawkins. Mashine yake ilimsumbua mtu siku chache za mwanzo, kisha ikamwachia maneno yake. Hizi za sasa hazinisumbui kujifunza, ila kila sentensi nalazimika kuzichunga zisiniandikie. Kwa mtu anayetunga kwa Kiswahili, usumbufu upi ni mkubwa? Mwenzangu, nawe waonaje?